Kompyuta Inayojiangalia Yenyewe

Ilitangazwa rasmi, mbele ya wakulima wote, kwamba kompyuta ya kiwanda chetu cha chai inajiangalia yenyewe wala haihitaji mtu. Kila asubuhi opereta wake, dada mmoja wa Kaplong, huifuta vumbi la chai kwa pindo la leso, kisha huiwekea kiganja ubavuni kama anayepima homa ya ndama. Akiona imechemka, huwasha feni na kunakili kwenye disketi uzito wa majani ya kila mkulima kabla haijazimika.

"Kwani hiyo ni ng'ombe, madam?" karani alimtania.

"Ng'ombe ingelia. Hii inakufa kimya, na majani ya mamako iko ndani."

Hajapoteza hata kilo moja. Siku ya harusi yake, lori la kiwanda lilisimama nje ya kanisa kule Sigor, injini ikinguruma, likimngoja bibi harusi: kompyuta ilikuwa imechemka.