Lango la Ivano

Klabu ya Borgosecco imetamka rasmi kwamba Ivano Bertoldi ndiye beki bora kuliko wote waliowahi kuichezea, na kwamba lile bao alilojifunga, likaishusha timu daraja, lilikuwa kosa la kipa.

Ivano aliyasikia hayo kwenye kipaza sauti cha uwanja, amevaa suti yake ya zamani ya harusi. Miaka yote alikuwa akiomba jambo moja tu: lango la upande wa mto Po, pale alipojifunga, liache kuitwa kwa jina lake. Washambuliaji aliowazima palepale hakuna aliyewakumbuka. Beki akifanya kazi yake sawasawa, baa haina cha kusimulia.

Watu wakapiga makofi. Gino, mwenye baa, akamgonga bega.

"Umesafishwa, mzee! Kahawa ya leo nalipa mimi."

"Baki na kahawa yako. Lile lango sasa mtaliitaje?"

"Lipi? La Ivano?" Gino alishangaa kwelikweli. "Si ndilo jina lake, bwana! Wajukuu zangu wanadhani Ivano alikuwa mtakatifu wa mto."

Ivano akakaa. Mtangazaji akakohoa, akaendelea: kipindi cha kwanza, wenyeji watashambulia Lango la Ivano.