Kodi ya Kiwanja cha Obeid

Mgeni akifika Mishomoroni siku zile, jambo moja lilimchukua muda kulielewa: mtu aweza kumiliki nyumba asimiliki hata mchanga ulio chini ya kitanda chake. Nyumba yako, ardhi ya mwenzio. Unasimamisha miti, unakandika udongo, unaezeka makuti, kisha kila mwezi unapeleka kodi ya kiwanja kwa mwenye shamba. Siku akikutaka uondoke, unaondoka na nguzo zako begani. Mwanatabu binti Hamisi aliishi hivyo tangu ujana wake, katika nyumba ya vyumba viwili aliyojengewa na mumewe, Obeid, fundi wa kupaka rangi majumba ya watu.

Mtoto hawakujaaliwa. Obeid alipokufa, majirani walimzika vizuri, wakala hitima, wakarudi makwao, na Mwanatabu akabaki na kofia zake za kudarizi. Ni kazi ya kimya hiyo, ya tundu moja baada ya jingine, na aliye peke yake aweza kushinda nayo kutwa nzima asisikie sauti yake mwenyewe.

Zamani kodi ilikusanywa na Mzee Faki, karani wa mwenye shamba, kila mwezi ukiandama. Faki ndiye aliyemnong'oneza Mwanatabu baada ya eda, "Jina la Obeid liache palepale. Nyumba yenye jina la mume haichezewi." Ulikuwa ushauri wa mtu mwenye huruma, naye akaufuata. Haikupita muda, Faki naye akafuata njia ya wote. Watoto wa mwenye shamba, waliokuwa wakikaa mjini, wakaona usumbufu kuhesabu vihela vya watu wa makuti, wakalikabidhi shamba kwa wakala. Wakala akafungua ofisi Kisauni kandokando ya barabara, yenye dirisha la wavu na kalenda ya picha ukutani. Ilikuwa mwanzo wa mwaka wa hamsini na tisa.

Ofisini hakuna aliyepata kumwona Obeid. Walilikuta jina kwenye orodha, wakaendelea nalo. Siku ya kwanza Mwanatabu alipokwenda kulipa, kijana wa dirishani, Garama, mzaliwa wa Frere Town, alimuuliza kwa adabu, "Mzee Obeid hajambo?" Mwanatabu akajibu, "Hajambo." Neno lilimtoka tu, kama linavyowatoka watu. Mwezi uliofuata akaulizwa tena, akajibu vilevile, na safari hii halikumtoka lenyewe. Duniani kote palikuwa pamebaki dirisha moja ambapo mumewe alikuwa hajambo, naye akawa anaamka mapema siku ya kulipa, anajifukiza udi na kuvaa buibui lake zuri. Sisemi alifanya vyema. Nasema atakayemhukumu na akae kwanza mwaka mmoja asiulizwe hali ya mtu wake na yeyote.

Alilipa alivyozoea kulipa: mwezi ukiandama leo, kesho yu dirishani. Hakuna aliyemwambia kwamba ofisi ina miezi yake mingine.

Januari ya mwaka wa sitini na mbili, mvua kubwa zilipokwisha kuibomoa njia, ikaja barua. Mwanatabu alisoma Kurani na barua za herufi za Kiarabu, lakini za Kizungu hakuzijua, kwa hiyo alimpelekea jirani yake Nyamvula, mwanamke wa kanisani aliyesomeshwa na wamisheni. Nyamvula akasoma mara mbili kabla ya kusema. Obeid anadaiwa kodi ya mwezi mmoja. Mwenye shamba anavitaka baadhi ya viwanja, na wenye madeni ndio watakaoanza kuvunja.

"Si ulipe tu huo mmoja, yaishe?" Nyamvula akasema.

"Nikilipa nimekiri, mwanangu. Nikikiri nimekuwa mwenye deni, na wenye deni ndio hao wa kuvunja."

Asubuhi akazifunga stakabadhi zake kwenye leso, akaenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwanidai nini?"

Garama alikuwa na adabu na mwandiko wa kupendeza, ila hesabu ilimkimbia mara tu mtu anaposimama mbele yake akimtazama. Akazihesabu stakabadhi: thelathini na saba. Akaihesabu miezi tangu ofisi ifunguliwe hadi mwisho wa mwaka uliopita: thelathini na sita. Akarudia kwa vidole.

"Tofauti ni moja," akasema.

"Yangu au yenu?"

Hilo Garama hakulijua. Akamwita Boga, karani mkuu, mtu mnene aliyependa kusikilizwa. Boga akazipekua stakabadhi akilamba kidole, hata akafika Desemba ya mwaka wa hamsini na tisa. Zilikuwa mbili, moja ya mwanzoni mwa mwezi, nyingine ya siku yake ya mwisho.

"Mwezi mmoja haulipiwi mara mbili," akasema. "Hii ni makosa. Itoe."

Garama akaitoa. Zikabaki thelathini na sita.

"Haya, na ile tofauti uliyoipata? Itoe nayo."

Garama akasita, lakini mkubwa ni mkubwa. Akatoa nyingine.

"Umeona, mama? Miezi thelathini na sita, stakabadhi thelathini na tano. Wadaiwa mmoja."

"Mwanangu, umeitoa mara mbili."

"Ya kwanza nimetoa makosa. Ya pili nimetoa tofauti. Hivyo ni vitu viwili."

Mwanatabu akavuta pumzi. Akawaeleza kwamba ile ya mwanzoni ilikuwa ya Mfungo Tisa, na ile ya mwishoni ya Rajabu, na kwamba yeye hajaacha mwezi mwandamo hata mmoja. Hapo jambo lilikuwa wazi kwa mtoto yeyote wa Mishomoroni, anayejua kwamba Ramadhani mwaka huu itakuja mapema kuliko ya mwaka jana. Miezi yetu ni mifupi kuliko ya Kizungu, na miaka mitatu ikipita mwezi mzima umekwisha kupenya katikati. Bibi huyu hakudaiwa, alikuwa ametangulia. Lakini Boga aligeuka akaitazama kalenda yake ya ukutani.

"Rajabu haimo," akasema.

Mwanatabu akaanza kuzifunga tena stakabadhi zake kwenye leso.

"Hata hivyo," Boga akaendelea, "hesabu hii si yako. Ni ya bwana Obeid. Aje mwenyewe kesho tuzungumze. Kwani haumwi, hajambo?"

"Hajambo," akasema Mwanatabu.

"Basi aje. Asipokuja nitaandika kwamba amekaidi."

Alirudi na njia yote hakumjibu mtu vizuri. Nyamvula alipoyasikia akawaza, akasema ofisi haimjui Obeid kwa sura, basi akitafutwa mwanamume yeyote mzima, si itatosha? Waliyekuwa naye karibu ni Odhiambo, kuli wa bandarini aliyepanga nyumba ya tatu. Odhiambo alikuwa mtu mwema, mrefu kupita kiasi, na Kiswahili chake kilikuwa bado kimo safarini kutoka Kisumu.

"Huyo ndiye awe Obeid bin Salimu?" Mwanatabu akauliza, na wote wawili wakacheka hata machozi yakawatoka. Alikuwa hajacheka hivyo siku nyingi.

Hata hivyo Nyamvula alipoondoka, Mwanatabu alifungua sanduku akaitoa kanzu ya Obeid, akaikunjua kitandani. Alijiambia anapima urefu tu. Ingemfika Odhiambo kwenye magoti. Akakaa kando yake mpaka alasiri ikapita, na sindano haikuguswa. Alimwona mtu mwingine ndani ya kanzu ile, anaitikia jina lile, na moyo ukamkataa kabisa. Ilimuuma kwamba katika mji mzima hakuna mwanamume wa kumsimamia, wala ndugu, wala mpwa, na ilimuuma zaidi kwamba karibu amwazime mumewe mwili wa kuli. Akaikunja kanzu, akaifungia.

Kesho yake alisimama dirishani peke yake.

"Mzee yu wapi?" Boga akauliza.

"Obeid hawezi kuja. Amekufa. Amekufa hata ofisi hii haijafunguliwa."

Garama akaweka kalamu chini.

"Jana ulisema hajambo," akasema Boga.

"Nilisema."

Boga hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa orodha tu. Alimpa pole, kisha hesabu ikamrudia kichwani.

"Kumbe basi Obeid hajatulipa hata mwezi mmoja. Maiti hailipi kodi."

Mwanatabu aliushika ukingo wa dirisha. Aliona nguzo zake zikiwa tayari njiani.

"Bwana Boga," Garama akasema polepole, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kumpinga mkubwa wake, "pesa tumepokea. Aliyeleta ndiye huyu. Nimfungulie ukurasa wake."

Na kwa kuwa ukurasa mpya ulitaka kujazwa upya, alizitandaza stakabadhi mezani safari hii bila kujumlisha wala kutoa. Alitaja mwezi, akaweka moja. Akataja mwingine, akaweka moja. Meza ikajaa, ikabidi aendelee juu ya kiti. Alipotaja Desemba ya mwisho, mkononi mwake ilibaki stakabadhi moja. Akaitazama mbele na nyuma.

"Hii itakuwa ya mwezi huu tulio nao," akasema.

"Ndivyo nilivyokuwa nikisema tangu jana," akasema Boga, akarudi kitini kwake.

Nyumba ikawa imepona. Garama akamwambia mwezi huu asijisumbue kuja, ameshalipa. Kisha akachukua rula, akalipigia mstari jina la Obeid, taratibu, asichafue ukurasa. Mwanatabu alitazama wino mpaka ukakauka.

"Jina lako kamili, mama?"

Akamtajia.

"Kazi?"

"Nadarizi kofia."

"Wakaao nyumbani?" Garama alikuwa ameshaanza kunakili kutoka ukurasa wa zamani, na ukurasa wa zamani ulisema wawili. Kalamu ikasimama. Hakuinua macho.

"Andika mmoja," akasema Mwanatabu.

Garama akaandika. Kwa hesabu hiyo hakuhitaji kumwita mtu. Mwanatabu akafunga leso yake, akashusha buibui usoni, akatoka barabarani, na hapo mbele ya wapita njia akamlilia mumewe kama aliyeletewa habari asubuhi ile.