Mkutano wa Madunguni

Asubuhi ile nilitoka nyumbani kwangu Kibaoni bila kujua ninakokwenda. Siku moja kabla nilikuwa nimekula kiapo cha udiwani mbele ya hakimu, nimevaa koti la kuazima lililonibana makwapa, na Mwenyekiti wa Halmashauri alikuwa ametuambia sisi wapya, "Nendeni mkakae kwenye kata zenu, watu wawaone." Mimi kukaa sikukujua. Nikavaa viatu vya mvua, nikaanza kutembea kuelekea mashariki ya kata, kwa sababu tu njia ya huko ilikuwa kavu zaidi.

Shule niliiacha darasa la tano, huko kaskazini nilikozaliwa. Sikufeli. Nilitaka kujua lori la pamba lililopita kwetu lilikuwa linakwenda wapi, nikalidandia. Baada ya hapo nimepasua mbao, nimechimba visima, nimepika kwenye kambi za wajenzi wa barabara, na nimejifunza kutengeneza redio kwa kuzifungua zile zilizokufa. Ifakara niliingia na mashine ya kukoboa mpunga iliyohitaji mtu wa kuifunga. Nilikusudia kukaa wiki moja. Nikaoa, nikafungua kibanda cha ufundi Mlabani, na kila mwenye redio, pampu au simu iliyoingia maji akanijua. Kura zangu zilitoka hapo. Hata baada ya kuapa, ni wageni tu walioniita Mheshimiwa. Wenyeji waliendelea kuniita Fundi.

Niwaeleze vijana kazi yenyewe, maana wengi hudhani diwani ni mtu wa kuja kwenye misiba na bahasha. Diwani huchukua neno la kata na kulipeleka kwenye baraza la madiwani, kisha hurudisha jibu. Neno hilo halibebwi mdomoni. Hubebwa kwenye muhtasari, yaani maandishi ya kikao: nani alikuwepo, nini kilisemwa, nini kiliamuliwa, na sahihi za watu. Na kikao hakihesabiki kuwa kikao mpaka akidi itimie, yaani wafike watu wa kutosha kwa mujibu wa taratibu. Haya yote nilifundishwa na Mtendaji wa Kata, mtu mpole aliyevaa kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya kuazima watu. Siku ya kwanza alinikuta nimeyashika mafaili kama ninayetafuta bisibisi.

"Fundi," akasema, "huku hatufungui kwanza. Huku tunasoma kwanza."

Lakini asubuhi ile ya matembezi sikuwa nimesoma lolote. Saa nne hivi nilifika Mateteni, kijiji cha mwisho cha kata yangu, ambako nyumba zinaisha na mpunga unaanza. Nikamkuta mama mmoja akifunga sufuria na godoro kwenye baiskeli. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia, akanitazama viatu.

"Wewe ndiye yule fundi wa redio tuliyekupigia kura?"

"Ndiye mimi, mama."

"Basi shika hapa, kamba inalegea."

Huyo ndiye Mama Anzela, mkulima, Mpogoro wa kutoka upande wa Mahenge, mwimbaji wa kwaya kanisani. Tulipokuwa tunafunga kamba alinieleza kuwa baiskeli hiyohiyo ndiyo iliyombeba mkwe wake akiwa na uchungu wa kuzaa, mvua zilizopita, kuelekea mjini. Mtoto alizaliwa njiani kwenye matope, hakuishi. Hakulia alipokuwa anasimulia. Aliikaza kamba tu.

"Tunataka zahanati," akasema. "Mkwe wangu ana mimba nyingine. Usiniambie mchakato."

Nikamwahidi. Nikamsukumia baiskeli mpaka mwisho wa nyumba, tukaagana. Mimi ambaye nililiacha darasa ili nijue lori linakwenda wapi, sikumwuliza mama yule anakwenda wapi na godoro.

Niliporudi, Mtendaji wa Kata aliniambia bahati ipo. Halmashauri ilikuwa inapanga orodha ya zahanati mpya, na kata yetu ingeingia ikiwa kijiji kitatoa eneo. Eneo la kijiji hutolewa na mkutano mkuu wa kijiji, watu wazima wote. Muhtasari ulitakiwa ufike kwa Mkurugenzi wa Halmashauri kabla ya kikao cha bajeti. Tukichelewa, nafasi yetu ingechukuliwa na kata nyingine. Nikawa na haraka kama mtu aliyeachwa na gari. Mwenyekiti wa kijiji alisita kidogo, akasema, "Fundi, mwezi huu?" Nikamjibu, "Mwezi huuhuu." Tukabandika tangazo kwenye mlango wa ofisi ya kijiji.

Siku ya mkutano walikuja wenye maduka, mafundi cherehani, na Wasukuma wafugaji wanaoishi upande wa juu wa kijiji, wakiongozwa na Mzee Masanja, aliyekuja bondeni na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita na kujenga akabaki. Walikuja wengi, kwa wakati, wamevaa vizuri. Wakachagua eneo upande wao, karibu na josho wanakoogeshea mifugo. Hakuna aliyepinga. Nilifurahi. Nilidhani watu wa kijiji kile wanaelewana kuliko wote duniani.

Muhtasari niliupeleka mwenyewe kwa Mkurugenzi. Aliusoma ukurasa wa sahihi kwa muda mrefu kuliko kurasa nyingine.

"Mheshimiwa, kijiji hiki kina wakulima?"

"Karibu wote, mama."

"Wako wapi humu?"

Nikayapitia majina upya. Akanirudishia karatasi. "Akidi haijatimia. Na hata ingetimia, hii ni zahanati ya kugombaniwa. Una siku tisa."

Nilimpigia simu Mtendaji wa Kata. Akacheka, bila ubaya. "Fundi, wewe mteja wako wa mpunga huwa anakuletea redio mwezi gani?"

Nikafikiri. "Baada ya mavuno."

"Na kabla ya hapo?"

Nilijua, ila nilijua kama mtu wa mjini anavyojua. Mvua zikianza, mkulima wa bonde hili haendi shamba na kurudi jioni. Anahama. Anakwenda na sufuria, godoro, kuku na wajukuu, anaishi kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ili maji yapite chini, na anakaa huko akilima, akipalilia na kufukuza ndege na nguruwe mpaka avune. Nyumba ya kijijini hubaki na kufuli. Nilikuwa nimebandika tangazo la mkutano mahali ambapo hakukuwa na mtu wa kulisoma.

Nilirudi kwa Mkurugenzi, nikamwuliza kama mkutano wa kijiji unaweza kufanyika shambani. Aliita mwanasheria, wakafungua kitabu, wakakifunga.

"Sheria inataka wanakijiji, mwenyekiti wao na taarifa mapema," akasema. "Haikusema chini ya bati gani. Nenda."

Siku tatu mfululizo nilitembea madunguni. Maji yalinifika magotini, mengine kiunoni. Dungu kwa dungu, nilipiga hodi kwa kutikisa nguzo. Wengine walishanisikia kabla sijafika. Mama Anzela alinichungulia kutoka juu.

"Mheshimiwa! Leo umetukumbuka? Tumesikia zahanati yetu mmempa ng'ombe."

"Mama, nimekosea. Nimekuja kuomba tuanze upya."

"Umekosea nini?"

"Sikukuuliza ulikuwa unahamia wapi."

Alinitazama. Kisha akateremsha ngazi. "Panda, unyanyue miguu. Unanuka kambare."

Tulikubaliana mkutano ufanyike kwenye tuta lililo kavu karibu na dungu lake. Lililonitia hofu lilikuwa jingine. Wakulima walikuwa na hasira na wafugaji, na wafugaji, kwa upande wao, walikuwa wameshapiga kura zao kihalali machoni pao. Nilikwenda kwa Mzee Masanja nikiwa nimejiandaa kwa maneno marefu. Alinisikiliza akichonga mpini wa jembe.

"Kwa hiyo tulipiga kura peke yetu?"

"Ndiyo, mzee."

"Na sisi tuliona ajabu. Tukasema, leo wenzetu hawabishi?" Akacheka mpaka akakohoa. "Wake zetu nao wanazaa, Fundi. Kesho kutwa nitaleta mkokoteni wa ng'ombe. Wazee wenu wa kule mbali watafikaje kwenye tuta?"

Alitimiza. Siku ya mkutano ng'ombe wake wanne walivuta mkokoteni majini mara tano, wakileta vikongwe, meza ya mwenyekiti na daftari lililofungwa kwenye mfuko wa mbolea. Mama Anzela alipomwona Masanja akimshusha bibi mmoja kwa mikono yake, alipaza sauti, "Haya, Msukuma, ng'ombe wako wakila mpunga wangu wakati wa kugeuza utabeba wewe mkokoteni!"

"Nitabeba," akajibu Masanja, "lakini wewe ndiye utakayenipigia miluzi."

Watu wakacheka, na mimi nikapumua. Ubishi ulikuwepo, tena mkali, saa nzima. Mwisho mzee mmoja wa Kindamba akauliza swali ambalo mimi na mafaili yangu hatukulifikiria: ni wapi mwanamke anaweza kufikishwa miezi yote, mvua na kiangazi, kutoka madunguni na kutoka mabomani kwa wafugaji? Wakalijibu wenyewe. Pale njia ya mkokoteni inapokutana na njia ya baiskeli, penye mwinuko. Eneo lilikuwa la kijiji na halikuwa limelimwa. Mikono ikanyooshwa. Wasiojua kuandika waliweka dole gumba, na karatasi zilikuwa na matope kiasi kwamba Mkurugenzi alipozipokea, zikiwa zimebaki siku mbili, alizishika kwa ncha za vidole.

"Huu sasa ni muhtasari," akasema.

Zahanati haikumalizika haraka. Mkwe wa Mama Anzela alijifungua mtoto wa pili mjini, salama, kwa sababu safari hii alihamia mapema kwa ndugu zake wa Viwanja Sitini. Ni mtoto wake wa tatu ndiye aliyezaliwa pale kwenye mwinuko, ndani ya kuta za zahanati, mikononi mwa muuguzi. Nilikwenda kumwona. Mama Anzela aliniwekea mtoto mapajani bila kuniuliza kama ninajua kushika mtoto.

Baada ya hapo nimekaa kwenye Kamati ya Elimu, Afya na Maji, kisha kamati ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira, chini ya wenyeviti wawili na wakurugenzi wanne. Nimeshindwa mambo mengi. Ipo barabara niliyoiomba kila bajeti na hadi leo inapitika kwa miguu tu. Wewe kijana unayetaka kugombea, jifunze kanuni za vikao, zitakusaidia. Ila kabla ya kubandika tangazo, jua watu wanalala wapi mwezi huo.

Baraza la mwisho lilipovunjwa sikuchukua fomu tena. Miguu ilikuwa imeanza kuniwasha. Asubuhi moja nilimwambia mke wangu ninatoka kidogo. Akaniuliza kidogo ya wapi, nikasema sijui, akanipa sweta. Nikapanda gari la kwanza lililokuwa na nafasi, likanipeleka juu milimani, kwenye kijiji ambacho sikuwahi kukikanyaga. Mchana nilipata chumba kwa mama mmoja muuza vitumbua: kitanda, ndoo, dirisha linalotazama njia.

"Utakaa siku ngapi, baba?"

"Sijajua bado."

Nilitazama dirishani. Ilikuwa saa ya sokoni, lakini nyumba nyingi zilikuwa na kufuli.

"Mama, watu wa hapa wako wapi msimu huu?"

Aliacha kugeuza vitumbua. "Wako bondeni, wanavuna. Ajabu wewe umeuliza. Wiki jana walipita watu na gari, wakabandika tangazo la mkutano pale mlangoni, wakaondoka."

Niliweka begi chini ya kitanda, nikavaa tena viatu vya mvua.

"Bondeni kwenyewe," nikamwuliza, "njia ni ipi?"