Msamaha Uliofika Kinshasa

Osée Ngabu hakuwa mtu wa kesi. Waliomjua pale mtaa wa Lumumba, mjini Bunia, walimjua kwa maombi yake. Alikuwa mzee wa kanisa, na mgonjwa alipozidiwa usiku watu walimwita yeye kabla ya kutafuta pikipiki ya kumpeleka hospitali. Aliomba kama mtu anayesemeshana na jirani juu ya ua. "Bwana, huyu mama tulikuambia habari yake jana. Leo tumerudi tena. Ama unataka turudi na kesho?" Watu walicheka macho yakiwa yamefungwa, na wagonjwa wengine walicheka pia, na wengine walipona. Mungu anajua.

Katika ujana wake alichimba dhahabu kwenye machimbo ya Kilo. Wenzake walikunywa walichopata. Yeye alinunua kiwanja Bunia, akafyatua matofali kwa mikono yake, akayachoma, akajenga vyumba vitatu na veranda. Lakini karatasi ya kiwanja aliiandikisha kwa jina la kaka yake mkubwa, Delphin. Kwao Djugu mdogo hamtangulii mkubwa, kwenye sahani wala kwenye karatasi, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Aliona ndiyo heshima. Delphin mwenyewe hakulala katika nyumba ile hata siku moja. Aliishi kijijini mpaka alipokufa. Baadaye vita vikakichoma kijiji, mashamba yakabaki bila mwenyewe, na nyumba ya Lumumba ikawa ndiyo mahali pekee duniani ambapo Osée na mke wake Micheline wangeweza kusema, hapa ni petu.

Ndipo Aimé, mtoto wa Delphin, alipotokea kutoka Kampala. Viatu vyake viling'aa hata katika vumbi la Bunia. Alikula bugali kwa Osée, akasifu sombe, mboga ya majani ya muhogo, aliyopika Micheline, akalala kwenye kitanda cha wageni. Asubuhi alisema, "Baba mudogo, asante kwa kunichungia nyumba ya baba yangu."

Osée alidhani ni mzaha, akacheka. Micheline hakucheka.

Aimé akafungua kesi. Mahakama ya kwanza ilimpa Osée haki, kwa sababu majirani walikuja kusema nani alijenga. Mahakama ya rufaa ikampa Aimé, kwa sababu karatasi ilisema Delphin. Ilibaki mahakama moja tu, ile ya juu kabisa, Kinshasa.

Avoka wake, yaani wakili, Maître Sandrine, alikuwa mwanamke wa Butembo, mdogo kwa umri, mkali kwa macho. Alimkalisha Osée na kumweleza polepole.

"Papa Osée, unisikilize vizuri. Kule Kinshasa hawataangalia nani alijenga nyumba."

"Sasa wataangalia nini?"

"Kama majaji wa hapa walivunja sheria. Hiyo tu. Mashahidi wako hawatawaita. Tofali zako hawataziona. Na mbele ya hapo, wanakuangalia weye mwenyewe kwanza: umekuja kwa wakati? Umepita njia ya sawa? Uko na haki ya kubisha? Kesi nyingi zinaangukia pale mulangoni. Hakuna anayezifungua."

Osée akafikiri. "Iko kama kuosha mchanga Kilo. Unazungusha karai, uchafu unatoka, dhahabu inabaki chini."

"Hapana, Papa. Kule karai inaweza kutupwa na dhahabu yake ndani, kwa sababu uliileta kwa njia mubaya."

"Basi hao hawajui kazi."

Maître Sandrine akacheka kidogo, kisha akaacha. "Tuko na miezi mitatu, na avoka wa Kinshasa ndiye ataandika. Majaji wa hapa walikataa kusikiliza mashahidi bila kutoa sababu, na hilo ni kosa la sheria. Kesi yako iko na nguvu. Lakini kitu chochote utakachofanya na Aimé katika hii miezi, uniambie. Chochote."

Osée aliahidi. Aliwaza mambo ya kupigana, ya kutukanana, ya kwenda kwa askari. Mambo ya kanisani hayakuingia kichwani mwake. Nani huenda kumuuliza avoka juu ya kanisa?

Krismasi ikakaribia. Katika kanisa lao kulikuwa na desturi ambayo kila mtu aliijua: wenye ugomvi hawali Meza ya Bwana mpaka wapatane mbele ya wote, na kupatana hakukuwa kwa mdomo tu. Waliogombania mbuzi walikuja na kamba ya mbuzi. Waliogombania shamba walikuja na jembe. Mmoja alimpa mwenzake kile kitu, mwenzake akakipokea, pasta akaomba, wanawake wakapiga vigelegele, na mwisho wa ibada kitu kilirudi kwa mwenyewe au hakikurudi, kadiri walivyoelewana. Hakuna aliyekiita hukumu. Kilikuwa ni alama.

Pasta David alikuja nyumbani. "Papa Osée, weye ni muzee wa kanisa. Utagawaje Meza na kinyongo ndani? Aimé amekubali. Anataka amani na baba yake mudogo."

"Nije na nini?"

"Ni nyumba munagombania. Njoo na ufunguo."

Pasta alipoondoka, Micheline aliweka sufuria chini kwa kishindo. "Weye! Ufunguo wa nyumba yangu utaenda kutembea kanisani?"

"Ni alama tu, mama."

"Alama! Nyoka pia anaanza na alama kwenye mchanga, kisha unamukuta chini ya kitanda."

"Namusamehe mutu. Nyumba siitoi."

"Sema hivyo mbele ya wote, basi."

Hakusema hivyo mbele ya wote. Kanisa lilikuwa limejaa, kwaya imevaa kanzu mpya, vijana wamesimama juu ya mabenchi wakipiga video kwa simu zao. Osée alitembea mpaka mbele na ufunguo mkononi. Aimé alipiga magoti kwanza, jambo ambalo hakuna aliyelitazamia, na machozi yakamtoka. "Baba mudogo, unanisamehe?"

"Ninakusamehe, mwanangu."

"Na ile hukumu, unaipokea kwa moyo mweupe?"

Ni nani angesema hapana, mtoto wa kaka yake akiwa magotini, Meza ya Bwana imefunikwa kwa kitambaa cheupe nyuma yake? "Ninapokea," alisema Osée, akampa ufunguo. Vigelegele vilitikisa mabati. Siku ile Osée aliomba maombi marefu kuliko yote aliyowahi kuomba, na hakumtania Mungu hata kidogo.

Nje ya mlango Aimé alimrudishia ufunguo, akimpigapiga begani. "Shika, Baba mudogo. Weye ndiye unakaa mule."

Kwa hiyo Osée aliona hakuna kilichobadilika. Na kwa kuwa hakuna kilichobadilika, hakuna alichomweleza Maître Sandrine.

Januari Aimé alikuja na watu wawili na kamba ya kupimia. Walipima kiwanja kutoka ukuta hadi ukuta. Mmoja wao alimuuliza Micheline kama choo kilikuwa kimejaa. Osée alitoka kwenye veranda. "Mwanangu, hawa ni nani?"

"Wanunuzi, Baba mudogo. Usijali. Unaweza kubaki mpaka wavunje."

Siku hiyohiyo Osée alikwenda kwa Maître Sandrine na kumwambia apeleke kesi Kinshasa. Alimwambia juu ya kamba ya kupimia. Hakumwambia juu ya ufunguo, maana ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Kesi ilipofika Kinshasa na Aimé alipopewa habari, hakwenda kwa avoka wake kwanza. Alikwenda kwa pasta. Jumapili alisimama na kulia tena, na safari hii watu walilia pamoja naye. "Alinisamehe hapa! Mbele ya Meza! Sasa ananishitaki nyuma ya mugongo!" Wazee wa kanisa wakakaa kikao. Osée akaeleza kwamba kusamehe ni kitu kimoja na nyumba ni kitu kingine. Mzee mmoja, rafiki yake wa miaka mingi, akamwambia, "Ndugu, msamaha wenye kesi ndani yake ni mkate wenye kioo." Wakamweka chini ya nidhamu. Asile Meza, asiombe hadharani, asikae mbele. Waliokuwa wakimwita usiku kwa wagonjwa wakaambiwa wamwite mwingine.

Osée akahamia benchi la mwisho, karibu na mlango, wanapokaa mama wenye watoto wanaolia. Mara ya kwanza sahani ya mkate ilipofika mwisho wa kanisa, kijana aliyeibeba hakumjua vizuri, akamnyooshea. Osée aliiangalia, kisha akaikabidhi kwa mama aliyekaa karibu naye. Nyumbani alimwambia Micheline, "Kinshasa wakisikia, yote yatanyooka. Majaji wa kule hawana ndugu hapa."

"Na hawana macho pia," alisema Micheline. "Mutu asiyekujua atakuhurumia na nini?"

Walingoja mwaka na zaidi. Wanunuzi walikuja kuchungulia, wakarudi, wakaja tena. Mvua ya masika ilivuja chumbani na Osée hakupanda juu ya bati, kwa sababu Aimé alimtumia neno: mtu hatengenezi nyumba isiyo yake.

Siku Maître Sandrine alipomwita, hakumkaribisha kiti. Alisimama, na Osée akasimama pia, kofia mkononi.

"Papa, ulimpa Aimé ufunguo kanisani?"

"Ilikuwa Krismasi."

"Ulisema unapokea hukumu?"

"Mbele ya Mungu, ndiyo. Mutoto alikuwa magotini."

Maître Sandrine alifunga macho. Kisha akamweleza, na hakupunguza kitu. Upande wa Aimé ulipeleka video. Ulipeleka pia ushuhuda wa Pasta David, ulioandikwa kwa mkono wake na kutiwa muhuri wa kanisa, kwamba Osée, kwa hiari na bila kulazimishwa, alipokea hukumu na kukabidhi nyumba. Majaji wa Kinshasa hawakufika kwenye lile kosa la majaji wa Bunia. Hawakufika popote. Mtu akishaipokea hukumu mwenyewe, hana tena haki ya kuilalamikia. Rufaa haikupokelewa.

"Hawakusoma habari ya mashahidi?"

"Hawakufungua, Papa. Lile kosa tulilolitegemea liko pale pale, kubwa vilevile. Hakuna aliyeliangalia. Ungeniambia, ningekuja mwenyewe kanisani kukushika mukono."

Osée akavaa kofia, akaivua tena. "Basi wamekubali kwamba nilisamehe kweli."

Maître Sandrine hakuelewa. "Ndiyo. Ndivyo walivyosema."

Akaomba apewe ile hukumu. Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Pasta David, akamkuta akila ndizi kwenye kivuli cha ukuta.

"Pasta, mulinifungia Meza kwa sababu musamaha wangu ulikuwa wa uongo. Angalia. Mahakama kubwa ya inchi hii inasema ulikuwa wa kweli. Ulikuwa wa kweli hata wakaninyima nyumba kwa sababu yake. Unifungulie."

Pasta alisoma yote. Hakuwa mtu mbaya. Alisoma hata mistari ya mwisho. Kisha akamrudishia. "Papa Osée, hiyo ni mahakama ya watu. Siye hatuhukumu kwa karatasi za watu."

"Karatasi yako iko ndani yake."

"Niliandika kweli tupu."

"Ulipoandika, nilikuwa nimesamehe. Uliponifungia, sikuwa nimesamehe. Ni mutu mumoja, Pasta. Chagua."

Pasta akaweka ganda la ndizi chini. Halafu akasema, "Njoo utubu dhambi ya kumshitaki ndugu, na Aimé akikubali, tutaona."

Aimé hakukubali. Alisema moyo wake ulikuwa bado una kidonda.

Wanunuzi walivunja nyumba siku ya soko. Wanaume walioajiriwa walianza na veranda, na majirani waliotoa ushahidi walisimama barabarani wakitazama. Matofali hayakutaka kuvunjika. Yalikuwa yamechomwa vizuri. Mmoja wa wavunjaji alitukana, "Nani alichoma hivi vitu?" Osée, aliyekaa juu ya godoro lililofungwa kwa kamba, alijibu, "Ni mimi," na yule mtu akacheka akidhani ni mzee aliyechanganyikiwa.

Walipata chumba cha kupanga mtaa wa Mudzipela, uani kwa mama mmoja mwenye duka. Mle Osée alianza kukohoa. Aliomba kwa sauti ya chini, kwa ajili ya wengine, kama zamani. Siku za mwisho Micheline alimsikia akisema, "Bwana, habari yangu nilikuambia jana." Alingoja aendelee. Hakuendelea.

Alikufa hospitalini. Micheline alituma watu kanisani, na jibu likaja kwa upole wote: mtu aliyekufa chini ya nidhamu, mwili wake hauingii kanisani, na kwaya haivai kanzu. Anaombewa nyumbani kwake.

"Nyumbani wapi?" aliuliza Micheline.

Mwenye duka naye akaja, huruma usoni. "Mama, pole sana. Lakini matanga katika uwanja wangu, hapana. Watu watakaa siku ngapi? Wateja wangu watapita wapi?"

Jioni kijana aliyetumwa na Aimé akaleta neno. Kiwanja cha Lumumba bado hakijaanza kujengwa, ni wazi, ni kikubwa, na wanunuzi wamekubali. Aimé anatoa turubai na viti. Walete mwili pale. Yule alikuwa baba yake mdogo, na walikuwa wamesameheana mbele ya wote.

Wanawake waliokaa na Micheline wakamwangalia. Mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Mama, hakuna pengine."

"Pengine papo," alisema Micheline. "Kaburini."

Wakamtoa Osée chumba cha maiti asubuhi na kumpeleka moja kwa moja makaburini, bila kulala matanga, kama wanavyozikwa watu wasiojulikana. Maître Sandrine alikuja akasimama nyuma. Hapakuwa na pasta, na wazee wa kanisa waliokuja mmoja mmoja walikaa mbali kidogo, kofia mikononi, maana hawakuwa wameruhusiwa kuomba. Wachimba kaburi wakauliza nani ataomba, wapate kufukia. Watu wakaangaliana. Yule rafiki yake wa miaka mingi alifungua mdomo, akaufunga.

"Fukieni," alisema Micheline.