Kitufe Chini ya Kalenda

Kazini walimwita Rula, na jina lilimkaa. Fundi huyu wa tovuti ya hospitali hupima kurasa kwa rula ya plastiki, akiilaza juu ya kioo cha kompyuta, na mstari ukipinda hata kidogo hapati raha. Kukaa kwenyewe hajui. Nusu ya kazi huifanya amesimama, chai ikimpolea.

Wiki hiyo bosi alitaka fomu ya wazee kujiandikisha kliniki ya macho iongezewe kalenda ya kuchagulia tarehe. Ikaongezwa, mambo yakaenda mrama: visanduku vikasukumana, sehemu ya jina ikapanda juu ya sehemu ya simu. Rula akinyoosha hapa, kunapinda kule. Mwisho akapatia, akapima, akatangaza, "Imekaa sawa."

Ajabu, hakuna aliyejiandikisha. Bosi akakata shauri: ikifika jioni bila majina, daktari wa macho anayetoka mbali aambiwe asije. "Wazee wenyewe hawataki," alisema.

Moyo wa Rula ukalipuka paa. Mama yake mzazi ana mtoto wa jicho, na tegemeo lake ni daktari huyo huyo. Tena mama alishampigia simu zaidi ya mara moja.

"Mwanangu, nimejaza yote. Sioni pa kutuma."

"Mama, kitufe kipo chini! Shuka chini!"

"Nimeshuka mpaka nimefika mwisho wa dunia."

"Basi hujaangalia vizuri," Rula alimfokea, akakata simu.

Sasa hakutulia. Mchana alikimbia nyumbani, akaichukua simu ya mama. Lo! Herufi zilikuwa kubwa ajabu, maneno matatu yamejaza kioo, maana ndivyo mama anavyoweza kusoma. Kalenda nayo ilikuwa imevimba pamoja na herufi, ikakilalia kitufe cha kutuma na kukifunika gubigubi. Aibu ilimpanda Rula mpaka masikioni. Fomu ya wagonjwa wa macho, naye kaipima kwa macho yake mazima!

Akafungua kompyuta magotini. Kalenda iliyokuwa ikielea juu ya wenzake akaipa nafasi yake, kitufe kikashuka chini yake. Akakuza herufi mpaka zikagoma kukua, akajaribu tena na tena. Mama akabonyeza.

"Imeenda!"

"Nisamehe, mama."

"Yameisha. Ila ulinifokea, mwanangu."

Kabla ya jioni bosi alipiga simu: majina yanaingia, daktari anakuja. Mama akapiga vigelegele. Rula alikuwa akizunguka chumba, hakai. Aliwafikiria waliojaribu siku zile zote, wakashuka mpaka mwisho, wakajilaumu wenyewe, wakaweka simu chini. Alitamani awapigie mmoja mmoja, awaombe radhi. Hakuwa na namba hata moja, kwa kuwa fomu isiyotumwa haiachi jina la mtu.