Paja la Mbuzi Lililokatwa Jikoni

Mtaani kwetu Newala tanuri ni moja. Ni la jirani yetu, mama anayeuza mikate. Limejengwa kwa matofali ya kuchoma nyuma ya nyumba yake, na kuni zake ni matawi ya mikorosho. Siku za kawaida linatosha. Krismasi ikifika kila nyumba ina keki, isiyo na keki ina kuku, na sisi tuna paja la mbuzi. Tanuri linabeba masinia mawili makubwa, basi. Foleni inaanza watu wakitoka kanisani, na wale wanaosema "langu dogo tu, litaingia pembeni" ndio wanaonimaliza. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yaliyokuwa yakiumia ni ya kwetu.

Kwa miaka kadhaa paja letu lilitoka jioni, Mjomba akiwa ameshaondoka.

Mjomba ni mdogo wake mama, wa tumbo moja. Anaishi Mnyambe na korosho zake na mbuzi wake. Yeye ni Mwislamu. Mama alibatizwa alipoolewa, na hilo halijawahi kuwa neno kwetu. Mbuzi wa Krismasi huchinjwa na jirani Mwislamu ili kila atakayeingia ale. Kila mwaka Mjomba anakuja asubuhi na mfuko wa korosho alizokaanga mwenyewe, anapokea shikamoo zetu, anakunywa chai kwa mkate wa kuchovya, kisha jua likipita utosini anatazama mawingu. "Mvua hii itaniharibia njia," anasema, anaaga. Hata siku isiyo na wingu la maana, mvua yake ilikuwa haikosi.

Mimi niliamini kosa ni la tanuri. Mama hakuamini hivyo. Yeye alishikilia kwamba ndugu asiyekula kwako ana neno moyoni, na alianza kulitafuta neno hilo: labda ni lile shamba aliloacha bibi, labda ni msiba ambao yeye mwenyewe hakuwahi kufika. Alilitafuta mwaka mzima. Nikimpigia simu kutoka Masasi, ninakofanya kazi, tunaongea habari za mvua na bei ya unga, halafu anashusha sauti: "Sijui nimemkosea nini mdogo wangu." Iliniuma, na kusema kweli ilinichosha pia. Basi Krismasi iliyopita nikajiapiza kwamba nyama itakuwa mkekani kabla Mjomba hajaanza kutazama mawingu.

Njia ilikuwa moja tu, kuoka mapema. Nilifika siku mbili kabla ya sikukuu, nikaenda kwa mwenye tanuri na kilo mbili za sukari mkononi, maana mkono mtupu haulambwi. Akanipa nafasi mchana wa siku ile, mikate ikishatoka na keki za watu hazijaanza kuingia.

Mama hakupenda. "Utampa mjomba wako kiporo?"

"Si kiporo, Mama. Inaiva leo, inamaliziwa siku yenyewe."

"Nyama iliyolala ni nyama iliyolala," alisema, lakini alinimenyea vitunguu saumu.

Nililitoboa paja kwa kisu, nikajaza matundu kitunguu saumu na tangawizi, nikalipaka chumvi, ndimu na pilipili manga. Nikaliweka kwenye sinia lenye maji kidogo na kulifunika kwa majani ya mgomba. Moto wa tanuri baada ya mikate si mkali, ni wa kushuka, na nyama huiva humo polepole bila kukauka. Lilipotoka, nyama ilikuwa inaachia mfupa. Nililipoza kwa kulikalisha sinia ndani ya beseni la maji, na kwa kuwa Newala maji hayachezewi, mama alitumia maji hayo kumwagilia mchicha.

Hapo ndipo nilipokutana na foleni ya pili, ya friji. Friji yetu ni fupi kama kabati la vyombo, na paja zima halikuingia. Nilitoa soda zote, halikuingia. Nikaligeuza, nikalilaza, mfupa ukabaki nje kama mguu wa mtu aliyelala kitanda cha mtoto. Nikachukua kisu. Nyama iliyopoa hukatika vizuri. Nilikata vipande vyembamba, nikavipanga kwenye bakuli, nikavimwagia supu yake hadi vikazama, mfupa nikauweka kando kwa mchuzi. Nilijisifu kimoyomoyo.

Mama aliporudi kutoka dukani alifungua friji, akasimama pale mlango ukiwa wazi.

"Umemkatia mjomba wako nyama jikoni," alisema.

Nikakumbuka. Kwetu paja halikatwi jikoni. Linaletwa zima mbele ya mjomba na kisu juu yake. Yeye ndiye anayekata, kipande cha kwanza anakula yeye, watu wote wakimtazama, ndipo anawagawia wengine. Mwaka hadi mwaka nimeona hivyo kwenye nyumba za watu. Kwetu paja lilikuwa linachelewa, Mjomba hayupo, tunajikatia wenyewe, na mkono wangu ulishazoea.

"Atasema nimemfanya mtoto," mama alisema. "Kama hakuwa na neno, sasa atakuwa nalo."

Paja jingine halikuwepo, na tanuri lilishajaa keki. Maji yameshamwagika. Siku hiyo na kesho yake mama alinijibu kwa "ndiyo" na "hapana" tu.

Sikukuu ilipofika, nilihamishia nyama na supu yake kwenye sufuria zito, nikaliweka juu ya jiko la mkaa, nikafunika na kupanga makaa juu ya kifuniko, moto juu na moto chini. Supu ilipungua, vipande vya juu vikashika rangi, na harufu ikatoka kama vile mbuzi kachinjwa asubuhi ile. Kwa mwenye tanuri watu walikuwa bado wanasukumana na masinia. Mimi nilipakua Mjomba akiwa hajamaliza chai yake.

Mama alilibeba sinia mwenyewe. Aliliweka mkekani mbele ya mdogo wake, akaondoa kawa, akakaa akitazama mikono yake. Wajukuu wa mama walikuwa wameshakaa duara. Mjomba aliitazama nyama.

"Kisu kiko wapi?" aliuliza.

"Imeshakatwa," mama alisema.

"Nani kaikata?"

Nilifungua mdomo, mama akaniwahi. "Mimi."

Mjomba alichukua kipande kimoja, kidogo, akakiweka mdomoni. Alitafuna polepole sana, taya likienda upande mmoja, mkono ukiwa umeziba mdomo. Nilishaona mkono ule mara nyingi akicheka, nikadhani ni adabu ya wazee. Alimeza. Akachukua cha pili.

"Dada," alisema, "mara ya mwisho uliponikatia nyama sikuwa na meno."

Mama aliinua macho.

"Yakaja," Mjomba aliendelea, "na sasa yameondoka tena. Yamebaki mawili, na hayo hayaonani."

Watoto wakacheka, kisha wakaacha kwa sababu bibi yao hakucheka.

"Ndiyo maana ulikuwa unaondoka?" mama aliuliza.

"Ungeniletea paja zima, dada. Nikate, nitafune mbele ya watoto hawa wote. Nitafune na nini?"

Nilikumbuka mkate wa kuchovya. Nilikumbuka korosho alizotuletea kila mwaka bila yeye kula hata moja. Vyote hivyo tulikuwa tukiviona.

"Nilidhani nimekukosea," mama alisema.

"Hujanikosea kitu. Niliona haya tu."

Mama alilivuta sinia karibu. Alichagua vile vipande vilivyolainika zaidi, akavichambua vidogo vidogo kwa vidole, akavisukuma upande wa mdogo wake, naye akawa anaokota anavyosukumiwa. Wajukuu walisubiri. Hakuna aliyewaambia wasubiri.

Baadaye mvua ilianza kweli, kubwa, ikapiga bati hadi tukawa hatusikilizani. Mjomba aliitazama kupitia mlangoni, akarudisha mkono kwenye sinia.