Jina Ambalo Mtoto Hakupewa

Kwetu Nunguni mtoto hatafutiwi jina, anarithi la mtu. Ndugu yangu mdogo alirithi la mjomba, kaka ya mama, mtu mzima ambaye huwezi kumtuma chumvi dukani akarudi nayo. Na ndugu yangu naye akachelewa kutembea, akachelewa kuongea, na akiwa na miaka kumi alikuwa bado nasari, amekaa na watoto wanaomfika kiunoni. Nyumbani sababu ilijulikana. Ni jina.

Halafu dada yangu akapata mimba akiwa hapa nyumbani, bila bwana. Mtoto angekuwa wa boma yetu na angerithi jina la kwetu. Susu, mama ya baba, akasema mapema, "Hilo la mjomba lisiingie hapa tena."

Mimi nilikuwa Form Four. Mwalimu wa baiolojia alikuwa ametufundisha kwamba kuna shida mama anaweza kubeba kwa jeni zake, yeye ako sawa kabisa, halafu inatokea kwa vijana wake wa kiume. Nilikaa kwa klasi nikahesabu. Mjomba. Ndugu yangu. Na kijana wa mama mdogo kule Mbumbuni, anapiga makofi siku nzima bila kusema neno. Huyo wa Mbumbuni ana jina lingine kabisa.

Sikuweza kungoja. Tulipompeleka ndugu yangu hospitali juu ya kifafa kilichokuwa kimemwanza, nikamuuliza daktari. Akasema inaweza kuwa jeni moja imebadilika, na bila hiyo ubongo haupati kitu unachohitaji ndio sehemu zake ziongee vizuri. Jina halihusiki. Dawa ya kuirudisha haipo.

"Na mtoto wa dada yangu?"

"Kama dada ameibeba, kijana wake ni nusu kwa nusu. Hapa hatuna kipimo."

Nilimkuta mama akitwanga mahindi ya muthokoi kuyatoa maganda. Nikamwambia hapo hapo. "Mama, sio jina. Ni damu, na inapitia kwa wamama."

"Wamama gani?"

Nikaokota punje zilizoruka nje ya kinu.

"Sema basi, msomi. Damu ya nani?"

"Yako."

Akacheka kidogo, hakuacha kutwanga. "Susu yako ananitafutia kosa tangu niolewe hapa. Sasa wewe ndio unataka kumpelekea. Wacha jina libebe lawama."

"Na dada?"

"Dada yako tumbo imeshafika hapa. Ukimwambia atafanya nini? Atairudisha?"

Nilikasirika tu, na nikakasirika zaidi kwa sababu aliongea ukweli.

Mtoto alizaliwa kijana. Susu akampa jina la babu mmoja wa zamani aliyesifiwa kwa akili, watu wa kanisa wakaja wakaomba, wakanywa chai. Mimi pia niliomba. Nusu ni nusu.

Sasa anaenda miaka mitatu na hajasema hata mama. Dada humbeba mpaka kwa jirani, ambaye mtoto wake ni mdogo kuliko huyu na anatukana kuku siku nzima, halafu dada anarudi bila kuongea na mtu. Juzi aliniuliza mbele ya mama, "Wewe ulisoma hii mambo. Kijana anaweza kuchelewa tu, sindio?"

Mama akaniangalia. Nikasema wengine huchelewa.

Dada ameshapata bwana, mfanyabiashara wa Malili, na mahari inaongewa. Anasema wa pili atazaliwa kwao kwa bwana, atapewa majina ya huko, na mambo yetu yataishia hapa. Jioni tukiwa wawili nikamuuliza kama ni lazima kuwe na wa pili. Akaniangalia kama nimemtukana, akachukua mtoto akaingia ndani.

Mimi sijui kama ninayo hiyo jeni. Hakuna mahali pa kuuliza. Nimekataa wanaume wawili, na nyumbani wanasema ni masomo yameniharibu.